Jinsi ya Kujifunza Ujuzi Mpya Ukiwa Safarini Nchi za Nje

Msafiri anayetaka kurudi nyumbani na ujuzi hana budi kuipanga safari yake kuanzia darasani. Achague kwanza kitu anachotaka kujifunza, kisha mahali kinapofundishwa vizuri, na baada ya hapo ndipo atazame tarehe za ndege. Wengi hufanya kinyume: hukata tiketi, hujaza kila siku matembezi, kisha hutafuta darasa fupi la kuziba pengo la mchana mmoja. Darasa la namna hiyo huburudisha, lakini mkono haujifunzi kazi kwa saa tatu. Ushauri wangu ni kuchukua ujuzi mmoja kwa safari moja na kuupa siku za kutosha kuurudia.

Siku hizo ni ngapi? Kazi yenyewe ndiyo yenye jibu, maana kila kazi ina mwendo wake. Anayejifunza batiki huko Yogyakarta, Indonesia, anaweza kuchora kwa nta ya moto, kutia rangi, kuchemsha kitambaa ili nta itoke, na kukiona kipande kidogo kimekamilika jioni ya siku hiyohiyo. Ufinyanzi haukubali haraka hiyo. Chombo kibichi lazima kikauke polepole kwa siku kadhaa kabla ya kuingia tanurini, la sivyo maji yaliyobaki ndani ya udongo hugeuka mvuke na kukipasua. Mwenye siku mbili tu ataondoka akiwa amefinyanga, lakini hatajua chombo chake kilifanyaje motoni, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya somo.

Kuzamia kwa mtungi wa hewa nako kuna masharti yake. Kozi ya awali ya PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya kuzamia, inayomwezesha mhitimu kufika kina cha mita 18, kwa kawaida huchukua siku 3 au 4 za nadharia, mazoezi katika maji tulivu, na kuzamia mara 4 katika maji ya wazi. Aliyezamia zaidi ya mara moja hushauriwa kungoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kwa sababu naitrojeni iliyoyeyuka mwilini huweza kutoa viputo vya hatari shinikizo la hewa linapopungua. Kwa hiyo usiweke somo la mwisho mkesha wa kuondoka. Kabla ya kuanza utajaza pia fomu ya afya, na baadhi ya majibu hudai sahihi ya daktari; ni heri ukaipata fomu hiyo mapema na kumwona daktari anayekufahamu.

Lugha ndiyo inayodai muda mrefu kuliko yote. Shule nyingi hutumia viwango 6 vya Baraza la Ulaya, kuanzia A1 hadi C2, na wiki mbili hazitoshi kumpandisha mtu kiwango kizima, ingawa zinatosha kumwondolea woga wa kusema. Kwa lengo hilo napendelea utaratibu uliozoeleka mjini Antigua, Guatemala, ambako mwalimu mmoja wa Kihispania hukaa na mwanafunzi mmoja kwa saa kadhaa kila siku, na mwanafunzi akitaka hupangiwa makazi katika familia ya mji huo. Sarufi ya mwanzo ni vema uipate kabla ya kusafiri: Alliance Française ya Kifaransa, iliyoanzishwa Paris mwaka 1883, na Goethe-Institut ya Kijerumani, iliyoanzishwa mwaka 1951, zina vituo katika nchi nyingi. Shule ikitangaza masomo 20 kwa wiki, uliza kila somo ni dakika ngapi, kwa kuwa tofauti kati ya dakika 45 na 60 ni saa 5 nzima kila wiki.

Kumpata mwalimu ndiyo hatua inayostahili subira zaidi. Madarasa yanayotangazwa kwa watalii huonekana upesi, lakini mara nyingi mazuri zaidi ni yale ya jioni waliyoandaliwa wenyeji katika vituo vya utamaduni, vyuo vya ufundi na vyama vya mafundi. Andika mapema uulize darasa lina wanafunzi wangapi, nani hasa atafundisha, linafundishwa kwa lugha gani, kama vifaa vimo ndani ya ada, na ni sehemu gani ya muda wewe mwenyewe utashika kazi mkononi. Swali hilo la mwisho lizingatie kuliko mengine, kwa sababu kuna madarasa ambayo mwanafunzi hukaa akitazama, kisha hukabidhiwa hatua ya mwisho tu ili apate kitu cha kubeba. Omba pia kuona kazi za wanafunzi. Kazi za mwalimu zitakuonyesha anachokijua, lakini hazikuambii kama anajua kukifundisha. Ikiwezekana, lipia siku ya kwanza pekee, kisha uamue.

Ukipokewa karakanani kama mwanagenzi, kumbuka kwamba muda wa fundi ndio riziki yake. Patana naye malipo waziwazi, wala usidhani kumsaidia kazi kunatosha kuwa ada, kwani nchi nyingine huhesabu msaada huo kuwa ajira hata kama hulipwi.

Hapo ndipo suala la viza linapoingia. Marekani humruhusu mwenye viza ya utalii kusoma kozi fupi ya kujiburudisha isiyohesabiwa katika shahada. Uingereza humruhusu mgeni kusoma hadi miezi 6 katika taasisi iliyoidhinishwa. Katika nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, mgeni wa muda mfupi hukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, awe anasoma au hasomi. Kanuni hizi hubadilika, basi zisome katika tovuti ya serikali au ya ubalozi, wala usitegemee neno la shule pekee.

Baada ya somo, rudia uliyofunzwa siku hiyohiyo na uandike hatua zake kwa maneno yako. Tafuta pia mahali ujuzi huo unapotumika na watu wasio walimu. Kule Buenos Aires, ukumbi wa dansi uitwao milonga mara nyingi hutoa somo la tango kabla ya dansi kuanza, na mwanafunzi hujaribu usiku huohuo hatua alizotoka kufundishwa. Ukitaka kupiga video, omba ruhusa kwanza. Baadhi ya mafundi hulinda mbinu zao, nao wana haki hiyo.

Cheti kichukue ukipewa, lakini kitambue uzito wake. Shule ya tiba ya asili ya hekalu la Wat Pho mjini Bangkok hufundisha ukandaji mwili wa Kithai na kutoa cheti, ila kufanya kazi hiyo kwa malipo kwingineko huenda kukahitaji leseni ya nchi husika. Vifaa navyo vina sheria zake: visu vya kuchongea viwekwe katika mzigo wa chini ya ndege, na vitu vya mbao au mimea vitangazwe forodhani, hasa unapoingia Australia au New Zealand.