Somo: Kabla hujaleta mbwa wa kuonyesha ndege, chunguza mbegu, kisha chunguza ukoo

Wakuu, salaam.

Mbwa wangu wa pili wa kuwindia nilimchagua kwa rangi. Alikuwa Seta wa Ireland, mwekundu kama shaba iliyosuguliwa, na wazazi wake walikuwa na vyeti vingi vya maonyesho ya umbo. Sikuuliza kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kutoka porini na msasi. Alikuwa mbwa mwema, nikampenda mpaka siku yake ya mwisho, lakini kwale aliwapita kama anapita mawe. Kosa halikuwa lake, wala si la Seta wa Ireland kama mbegu, yaani aina ya mbwa. Sikuuliza, basi. Haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kuuliza.

Kwa wageni: mbwa wa kuonyesha hutafuta ndege kwa pua, na akishaipata harufu husimama tuli, pua imeelekea windo, mara nyingi mguu mmoja wa mbele ameukunja, hadi msasi afike. Ndege wengi wa ardhini wakihisi adui hujibanza kwenye nyasi kabla ya kuamua kuruka. Kazi yote ya mbwa huyu imejengwa juu ya kitambo hicho kifupi.

Hatua ya 1: Andika uwindaji wako ulivyo

Usiandike unaoutamani. Chukua karatasi, kumbuka msimu uliopita. Ulitoka mara ngapi? Ndege gani? Nyasi wazi au vichaka vya miiba? Kuna maji? Ndege akianguka, nani humwokota? Na siku ambazo huwindi, ambazo ndizo nyingi, mbwa ataishi wapi na nani? Mtu anayetoka mara nne kwa mwaka akimleta mbwa aliyezaliwa kukimbia kutwa nzima, wote wawili watateseka.

Hatua ya 2: Elewa makundi mawili

Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, limewaweka mbwa wa kuonyesha katika kundi la 7, na ndani yake kuna sehemu mbili: wa bara la Ulaya, na wa Uingereza na Ireland. Mgawanyo huu una maana kubwa kwako.

Kule Uingereza wenye mashamba makubwa walifuga mbwa wengi, kila mmoja na kazi yake. Pointa na Seta walitafuta na kuonyesha, kisha mbwa mwingine akaokota. Ndiyo sababu Pointa wa Uingereza ana mwendo wa kasi na huenda mbali mno. Uwanja mpana ndio uliomtengeneza. Barani, msasi alitaka mbwa mmoja afanye yote: aonyeshe, aokote nchi kavu na majini, na afuate damu ya mnyama aliyejeruhiwa. Humo wamo Pointa wa Ujerumani mwenye manyoya mafupi, Drahthaar (ndugu yake mwenye manyoya magumu), Münsterländer, Weimaraner, Vizsla wa Hungaria, na Griffon wa Korthals. Brittany wa Ufaransa ndiye mdogo kati ya wanaojulikana sana, kilo 14 hadi 18 hivi, na baadhi yao huzaliwa na mkia mfupi.

Manyoya nayo yaangalie kama chombo cha kazi. Manyoya magumu ya Drahthaar na Griffon huzuia miiba na maji baridi. Marefu ya Seta hukusanya kila mbegu ya majani inayonata, na jioni utakaa na kitana. Mafupi hukauka upesi na huvumilika kwenye joto, ila ngozi huchanika vichakani.

Ukimaliza hapa baki na mbegu mbili au tatu tu. Ukibaki na saba, rudi hatua ya 1.

Hatua ya 3: Ndani ya mbegu, fuata ukoo

Hapa ndipo wengi huanguka, nami nilianguka hapa hapa. Mbegu moja huweza kuwa na koo mbili zilizoachana kwa vizazi vingi: ukoo wa maonyesho uliochaguliwa kwa umbo, na ukoo wa kazi uliochaguliwa kwa pua na miguu. Jina kwenye cheti ni lile lile. Mbwa si wale wale.

Omba matokeo ya majaribio ya kazi. Ujerumani wana VJP kwa mbwa wachanga, HZP ya majira ya vuli, na VGP ya mbwa aliyekamilika. Chama cha Drahthaar huko hakimruhusu mbwa kuzalisha bila kufaulu majaribio ya kazi na kukaguliwa umbo, manyoya na nyonga. Amerika Kaskazini kuna NAVHDA, chama cha mbwa wa kuwindia wa kazi nyingi, kilichoanza mwaka 1969. Jaribio lake la vipaji vya asili (vya kuzaliwa navyo) ni la mbwa asiyezidi miezi 16, na hupima pua, utafutaji, maji, kuonyesha, kufuata nyayo, hamu ya kazi na ushirikiano na mwenye mbwa.

Jaribio la mbwa mchanga nalithamini kuliko kombe la mbwa mzima. Mbwa mzima aliyeshinda huenda anakuonyesha ufundi wa mwalimu wake. Mchanga anakuonyesha alichorithi. Tena usimwulize mfugaji juu ya bingwa mmoja tu, muulize juu ya ndugu zake wa tumbo moja. Watoto wanane wakijaribiwa na saba wakafaulu vizuri, hapo pana kitu. Bingwa mmoja ambaye ndugu zake hakuna ajuaye waliko, huenda ni bahati tu.

Hatua ya 4: Afya

Nyonga za wazazi wote wawili zipigwe eksirei na ziwe na daraja. Kwa mfumo wa FCI, A na B ndizo unazozitaka. Kisha uliza ugonjwa wa mbegu husika: uziwi kwa Seta wa Uingereza, upofu wa kurithi kwa Seta wa Ireland na Seta wa Gordon, damu kutoganda vizuri kwa Pointa wa Ujerumani. Wenye kifua kirefu kama Weimaraner na Gordon huweza kujaa gesi tumboni na tumbo likajipinda, hali inayoua kwa saa chache. Mengi ya haya yana vipimo. Karatasi ya daktari wa mifugo ndiyo jibu, neno la mdomo halitoshi.

Hatua ya 5: Nenda ukawaone kazini

Usiruke hatua hii hata kama safari ni ndefu. Omba kumwona mama wa watoto akiwa uwanjani. Tazama kama anautumia upepo au anakimbia ovyo. Mwenye pua utamwona amegeuza kichwa ghafla katikati ya mbio, kana kwamba kamba imemvuta. Tazama afanyavyo ndege akitembea badala ya kujibanza: anavamia, au anasogea taratibu na kusimama upya? Akimwona mwenzake amesimama, naye anasimama? Kisha mtazame jioni. Mama anayeweza kulala miguuni pa watu baada ya kazi ni zawadi, kwa sababu utaishi na mwanawe ndani ya nyumba.

Muulize mfugaji kasoro za ukoo wake. Anayekutajia mbili tatu bila kusita, kaa naye. Anayesema hakuna, shukuru uondoke.

Hatua ya 6: Kumchagua mtoto

Kama umefanya hayo yote, watoto wote wa tumbo hilo wanafaa. Chukua wiki ya 8 au baadaye kidogo, na umsikilize mfugaji aliyewatazama kila siku. Ule mchezo wa bawa lililofungwa kwenye uzi hupima macho. Pua haimo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, asante kwa somo. Nawinda bata kwenye maji baridi lakini moyo wangu uko kwa Vizsla. Nifanyeje?*

Vizsla wa kawaida ana manyoya mafupi yasiyo na tabaka la ndani, kwa hiyo baridi humpata haraka. Kama bata ndio uwindaji wako mkuu, mchunguze Vizsla mwenye manyoya magumu, aliyeanza kutengenezwa miaka ya 1930 kwa kuchanganya na mbwa wa Ujerumani wenye manyoya kama hayo. Kama bata ni mara moja moja, mchukue unayempenda, umvalishe koti na umkaushe vizuri.

*Mbwa kuogopa bunduki, ni kurithi?*

Woga wa jumla hurithiwa. Lakini wengi wanaoogopa bunduki wameharibiwa na watu, kwa kupelekwa moja kwa moja kwenye milio mikubwa. Kwa hiyo angalia kama wazazi ni watulivu, hawashtuki ovyo, kisha wewe mwenyewe umzoeshe kwa mlio mdogo, kwa mbali, wakati akili yake yote iko kwa ndege.

*Kaka, mimi ni mwanamke, nawinda peke yangu na goti moja ni bovu. Mfugaji ananisukumia Pointa wa Uingereza wa ukoo wa mashindano. Ni sawa?*

Hapana, dada. Mbwa huyo atasimama mbali sana, nawe utafika ndege wameshaondoka. Tafuta Griffon au Brittany ambaye wazazi wake hufanya kazi karibu. Ukienda kuwatazama, tembea nao kwa mwendo wako wa kawaida na uone kama wanageuka kukutafuta. Wakigeuka bila kupigiwa filimbi, anza mazungumzo na mwenye mbwa hao.

*Dume au jike?*

Yote mawili ni sawa kwangu. Jike akiingia joto katikati ya msimu utapoteza wiki kadhaa. Ukoo una uzito kuliko jinsia.

*Nimempata mfugaji mzuri lakini ana orodha, nitasubiri zaidi ya mwaka. Kuna mwingine ana watoto tayari wiki hii.*

Huyo mwingine ulimwona mama wa watoto akiwa kazini? Kama bado, jiandikishe kwenye orodha, na mwaka huo uombe kufuatana na mfugaji huyo porini.