Jipime kabla hujashika kipaza sauti

Ukiambiwa utazungumza harusini, kwenye kikao cha ukoo au msibani, usikimbilie kuandika. Jua kwanza wewe ni msemaji wa namna gani.

Jirekodi kwa simu dakika tano, usikilize kesho yake. Utashtuka, kwa sababu sauti yako mwenyewe huwa unaisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, na kwenye simu uzito ule haupo. Usiifute. Hesabu umesema "yaani" mara ngapi, na ni wapi umemeza mwisho wa sentensi.

Pima muda kwa kusoma kwa sauti, saa ikiwa mbele yako. Kusoma kimoyomoyo kunadanganya.

Kama una maneno mengi, punguza. Mwaka 1978 Nyerere alipolitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin, aliibeba hoja kwa maneno matatu: uwezo, sababu, nia. Watu wanayakumbuka mpaka leo.

Tafuta mtu asiyekuonea haya. Usimuulize "nimeongeaje?", atakujibu "vizuri". Muulize amekumbuka nini, na amechoka wapi.

Halafu kichunguze kile unachosifiwa. Hapa ndipo nilipoumia. Tangu ujana nasifiwa kwamba naongea bila karatasi, na harusini ni kweli. Baba yangu mdogo alipofariki, ukoo ukanipa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu. Mwanawe wa kwanza akaniletea karatasi aliyoiandika usiku kwa peni ya bluu. Nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Chini ya turubai nilianza vizuri: alikozaliwa, alikosoma, miaka yake ya kazi. Nikasema ameacha mjane na watoto saba, nikawataja mmoja mmoja. Nikataja sita. Wa tano, binti, nilimruka. Alikuwa amekaa mkekani hatua chache kutoka niliposimama, kanga kaivuta hadi kwenye nyusi, na kila nilipotaja jina alikunja kidole. Nilipomaliza aliviangalia vidole vyake, akaanza kuhesabu upya. Shangazi akaninong'oneza jina, nikalitamka, lakini likatoka la mwisho, baada ya kitinda mimba, kama kitu kilichookotwa njiani. Jioni nilimwomba radhi. Akasema, "Yameisha, kaka," bila kuniangalia.

Kumbukumbu yangu si mbovu. Ila msiba ule ulikuwa wangu pia, na sikuwahi kujipima nikiwa na huzuni. Unachokiweza ukiwa na furaha kinaweza kukutoroka siku kifua kimejaa. Kwa hiyo jipime katika hali utakayokuwa nayo siku hiyo. Simama sebuleni mbele ya ndugu wawili, soma yote kwa sauti. Pale sauti inapokatika, weka alama kwa peni. Siku yenyewe utatua hapo na kuvuta pumzi. Majina, idadi na shukrani viwe karatasini, hata kama unavijua kama jina lako. Nakala nyingine ashike mtu atakayesimama ubavuni kwako.

Mengine unayajua: usipande umeshiba sana, weka maji karibu, jaribu kipaza sauti mapema, zima simu, andika kwa herufi kubwa maana shughuli nyingi huchelewa hadi giza likaingia. Na ukiona kabisa hutaweza, sema siku mbili kabla, apewe mwingine naye apate muda wa kujiandaa.