Kuchagua risasi laini za mazoezi kwa rivolva ndogo ya zamani

Rivolva ndogo kama Smith & Wesson Model 36, iliyotoka mwaka 1950, au Colt Detective Special ya mwaka 1927, ikitunzwa bado hulenga shabaha vizuri. Ila si kila risasi inayoingia kwenye tundu la silinda inaifaa. Anza kwa kuijua bastola yako, ndipo uende dukani.

Ifungue silinda, hakikisha haina kitu, kisha soma maandishi ya pembeni mwa mtutu. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa: ".38 S&W" na ".38 Special" ni risasi mbili tofauti. Ganda la .38 S&W ni fupi, kama milimita 19.7, na ni nene kidogo, la.38 Special lina milimita 29.3 na ni jembamba. Baadhi ya bastola za zamani za .38 S&W zina tundu zilizotobolewa moja kwa moja bila ngazi ndani, hivyo .38 Special inaweza kuingia hadi mwisho. Kuingia si ruhusa ya kuipiga. Shinikizo la juu la .38 S&W ni pauni 14,500 kwa inchi mraba; la .38 Special ni 17,000. Kuna pia zile rivolva za .38 S&W ziitwazo Victory Model, ambazo Marekani iliwapa Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nyingi zilitobolewa upya baada ya vita ili zipokee .38 Special, na maganda yakipigwa humo huvimba au kupasuka sehemu ya nyuma kwa sababu tundu ni pana. Kama una bastola ya aina hiyo, mpe fundi wa silaha aipime kwanza.

Sasa kagua uchakavu, bastola ikiwa tupu. Vuta nyundo polepole huku kidole kikiizuia silinda kidogo. Silinda lazima ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho. Sukuma silinda mbele na nyuma: mchezo unaouhisi waziwazi ni dalili ya kuchakaa. Halafu pima nafasi kati ya silinda na mtutu kwa ile geji ya bapa nyembamba ambayo mafundi magari hupimia nafasi ya valvu. Milimita 0.1 hadi 0.25 ni kawaida. Ikizidi hapo, gesi na vipande vya madini hutoka pembeni kwa wingi, na mtu aliyesimama kando yako ndiye atakayeumia.

Kwa .38 Special iliyo nzima, chaguo la kwanza ni wadikata ya greni 148, yaani gramu 9.6. Kichwa chake ni bapa mbele, kimezama karibu chote ndani ya ganda, na kwenye karatasi hukata tundu la mviringo safi linalosomeka kwa mbali. Za kiwandani hutoka kwa takriban mita 210 kwa sekunde. Chaguo la pili ni greni 158 ya madini ya risasi yenye ncha ya mviringo, ambayo hutoka kama mita 230 kwa sekunde. Ukizidisha uzito kwa kasi, wadikata inapungua kwa takriban sehemu moja ya saba. Tofauti hiyo mkono huihisi, hasa kwenye Model 37, yenye fremu ya alumini na uzito wa gramu 400 hivi, kwa sababu bastola nyepesi hupiga teke zaidi.

Faida ya greni 158 ni kwamba vilengeo visivyorekebishika vya bastola nyingi za zamani vilipangwa kwa uzito huo. Risasi nyepesi yenye kasi hupiga chini ya pale unapolenga. Umbali wa mita 7 hutaliona sana. Kwenye mita 25 utaliona.

Kwenye boksi tafuta herufi: WC au HBWC ni wadikata, LRN ni ya mviringo. Ukiona "+P", yaani risasi yenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida, iache. Hiyo inaruhusiwa hadi pauni 20,000, na fremu za zamani, hasa za alumini na zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1957 Smith & Wesson walipoanza kutoa namba za modeli, hazikupangiwa mzigo huo kila siku. Risasi zilizojazwa upya na mtu usiyemjua nazo ziache, hata zikiwa bei nafuu. Kwa aliye Kenya, cheti cha silaha hutaja idadi ya risasi unayoruhusiwa kununua na kukaa nayo, kwa hiyo hesabu kabla ya kuagiza maboksi.

Ulaini, yaani udogo wa shinikizo na teke, nao una mpaka. Ganda la .38 Special lilianza zama za baruti nyeusi, kwa hiyo ndani ni kubwa kuliko baruti ya leo inavyohitaji. Baruti ikiwa kidogo mno, kichwa kinaweza kukwama ndani ya mtutu. Risasi ya pili ikikipiga kwa nyuma, mtutu huvimba au kupasuka. Ndiyo maana tunasisitiza za kiwandani na tunaonya dhidi ya kujijazia "laini kuliko zote". Kichwa chenye koti la shaba hukwama kwa urahisi zaidi kwenye kasi ndogo kuliko cha madini matupu.

Ukisikia mlio hafifu, au teke lisilofanana na mengine, acha hapohapo. Elekeza mtutu kwenye shabaha na uondoe kidole. Kama ni "klik" tupu bila mlio, subiri sekunde 30. Kisha fungua silinda, toa risasi zote, na pitisha kijiti cha mbao ndani ya mtutu. Kikigonga, kazi imeisha kwa siku hiyo. Silinda ikikataa kufunguka, kichwa huenda kimekwama nusu ndani ya silinda na nusu ndani ya mtutu. Usilazimishe, mwite msimamizi wa uwanja.

Madini laini huacha utando kwenye mdomo wa nyuma wa mtutu, pale kichwa kinapoingia. Usugue kwa brashi ya shaba, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kutoa maganda, inua mtutu juu na usukume fimbo mara moja kwa nguvu. Ukisukuma polepole mtutu ukiwa chini, chembe za baruti ambayo haikuungua huingia chini ya nyota ya kutolea maganda, na silinda itakuwa nzito kufunga. Zifute kwa mswaki mkavu.