Somo: Kushona ufa wa bloku ya trekta bila kuchomelea

Ukipita Masasi, Nachingwea au Ruangwa wakati watu wanawahi mvua za kwanza, bado utakuta Massey Ferguson 135 za miaka ya 1960 na 1970 zinalima. Nyingi zinauawa na maji. Injini ikichemsha, dereva anafungua rejeta na kumimina maji ya baridi hapo hapo. Bloku, yaani mwili mkuu wa injini, ni chuma cha kasti: kinabeba mzigo mkubwa lakini hakinyumbuliki, kwa hiyo upande uliopoa ghafla unasinyaa na kupasuka.

Kushona ni kuziba ufa kwa safu ya bolti zinazobanana. Somo hili ni la ufa wa ukuta wa nje, ukuta ambao kazi yake ni kuzuia maji tu. Ufa ukiwa ndani ya silinda au kwenye vikalio vya krenki, usishone. Tafuta bloku nyingine.

1. Tafuta ncha za ufa. Toa maji, sugua kwa brashi ya waya mpaka rangi iishe. Paka mafuta ya taa, subiri robo saa, pangusa pakauke kabisa, kisha paka chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatarudi nje na kuchora mstari juu ya chaki. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Ufa huwa mrefu kuliko jicho linavyouona, na ukiikosa ncha yake, ufa utaendelea kutembea.

2. Toboa ncha zote mbili. Gonga ponchi mbele kidogo ya mwisho wa mstari, toboa kwa drili ya mm 5, kata hesi (mifereji ya kushika bolti) kwa tepu ya M6, kifaa cha kukatia hesi ya bolti ya mm 6. Toboa pakavu bila oili. Kasti sahihi hutoa unga mweusi.

3. Ingiza bolti. Chagua bolti laini yenye hesi mwili mzima. Iliyoandikwa 8.8 iache: ni ngumu, na drili ikifika ubavuni mwake itateleza kuelekea kwenye kasti. Paka gundi ya kuziba hesi, kaza kwa kiasi, kata kwa msumeno ukibakiza mm 1 au 2 nje.

4. Shona. Tundu linalofuata lazima likate theluthi ya bolti iliyotangulia. Siri yote iko hapa: bolti mpya inaifunga ya zamani isizunguke wala kulegea. Ukiziacha zikae mbali mbali bila kukatana, maji yatapita katikati. Endelea hivyo mpaka ncha ya pili.

5. Malizia. Gonga ncha za bolti zilizobaki nje kidogo kidogo kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, sawazisha kwa tupa. Jaza maji, ziba njia zote, pampu hewa hadi psi 10 na uache nusu saa. Pakitoa jasho, gonga tena.

Maswali ya wanakikundi

*Fundi, mimi nilichomelea kwa vijiti vya kawaida, ikapasuka pembeni ya mshono. Kwa nini?*

Kasti ina kaboni nyingi, kama asilimia 2 hadi 4. Ukiichomelea kwa kijiti cha chuma cha kawaida, ukingo wa mshono unakuwa mgumu kama kioo, na ukipoa unakatika. Anayelazimika kuchomelea atumie vijiti vya nikeli, achomelee vipande vifupi vya sm 2 au 3, agonge kila kipande kikiwa bado moto, na asiendelee mpaka mkono uvumilie kugusa.

*Gundi ya chuma peke yake haitoshi?*

Inatosha kukufikisha nyumbani. Ufa unafunguka na kufunga kila injini inapopata moto na kupoa, na gundi haina nguvu ya kuushika. Ipake juu ya mshono, si badala yake.

*Huku kwetu Newala hakuna barafu. Dawa ya rejeta ya nini?*

Inazuia kutu na inapandisha kiwango cha maji kuchemka, na hayo mawili tunayahitaji zaidi kuliko wanaoishi kwenye baridi. Kama maji yako ni ya lambo, yachuje kwa kitambaa kizito kwanza. Tope likikaa chini ya bloku, silinda ya nyuma inapata moto huku geji ikionyesha salama.

*Oili imekuwa kama chai ya maziwa, lakini nje sioni ufa.*

Usiiwashe tena. Fungua silinda hedi uangalie gasketi kwanza, ndiyo nafuu kuliko vyote. Ikiwa nzima, pima bloku kwa hewa kama hatua ya 5, huku sampu (bakuli la oili chini ya injini) ikiwa imefunguliwa, uone maji yanadondokea wapi.