Jinsi ya kupima gazeti linavyowaonyesha waandamanaji

Wengi wakitafuta upendeleo wa gazeti huwinda maneno makali: "wahuni", "vibaraka". Mhariri makini huyakwepa hayo. Kinachofichua zaidi ni nani kapewa nafasi ya kusema kwanza, na sababu ya maandamano imewekwa aya ya ngapi.

1. Chagua tukio moja. Tuchukue maandamano ya kupinga ufisadi, Kampala, Jumanne 23 Julai 2024. Kusanya habari za tarehe 16 hadi 30. Ukianzia siku yenyewe utakosa maonyo ya polisi na hotuba ya Rais Museveni ya tarehe 20, aliposema waandaaji wanacheza na moto.

2. Chagua magazeti yenye wamiliki tofauti. New Vision, ambalo serikali ina hisa nyingi zaidi, na Daily Monitor la Nation Media Group. Anayesoma Kiganda aongeze Bukedde, ndugu wa New Vision. Tumia toleo la karatasi. Kwenye tovuti kichwa cha habari huweza kubadilishwa mchana, na ukurasa haujulikani.

3. Chora jedwali, kila habari mstari wake. Safu ni sita: tarehe na ukurasa, kitenzi cha kichwa cha habari, jina walilopewa waandamanaji, msemaji wa kwanza, aya ya kwanza kutaja ufisadi, na picha.

Kwenye kitenzi, "Polisi wakamata vijana" na "Vijana wakamatwa" si kitu kimoja: cha pili kimemficha aliyekamata. Lakini safu ya aya ndiyo roho ya kazi. Madai yakisubiri hadi aya ya 9, nyuma ya foleni ya magari na maduka yaliyofungwa, wasomaji wengi hawayafikii. Yasipotajwa kabisa andika "hakuna", kamwe usiandike 0. Sifuri ikiingia kwenye wastani, gazeti lililonyamaza litaonekana limeyataja mapema kuliko yote! Kosa hili huharibu majedwali mengi.

4. Tenga sauti ya gazeti na ya msemaji. "Wanafadhiliwa na wageni" ndani ya nukuu ni kauli ya aliyenukuliwa. Ikikaa kwenye kichwa cha habari bila alama za nukuu, gazeti limeichukua kuwa yake. Angalia pia kama waliotuhumiwa waliulizwa, na jibu lao lilipewa mistari mingapi.

5. Mpe mwenzako habari 10 azijaze bila kuona majibu yako. Mkipishana katika zaidi ya mbili kwenye safu moja, kanuni ya safu hiyo haieleweki. Iandikeni upya kisha mrudie. Ugomvi huwa kwenye majina: "vijana" ni neno la kawaida au la kudharau? Amueni kabla ya kuhesabu.

6. Linganisha kwa asilimia, na uandike idadi kando yake. Gazeti lenye habari 9 tu, habari moja ni asilimia 11, kwa hiyo tofauti ya asilimia 10 hapo haina uzito wowote.