Se7en ama Seven? Venye unamaliza ubishi wa jina la muvi

Kama unajazia watu muvi kwa flashi pale Kondele, ama wewe ndio yule msee hukesha akirekebisha majina kwa databesi za muvi kama IMDb, hii ni yako. Muvi inaandikwa hivi kwa bango, vile kwa skrini, vingine kwa intaneti, alafu watu wanaanza kutukanana.

Kabla hujagusa kitu jua uko kwa boma ya nani. Kila databesi iko na sheria zake, ndio maana mbili zinaweza tofautiana na zote ziko sawa. Angalia ile muvi ya David Fincher ya 1995. IMDb wameandika Se7en, Wikipedia ya Kiingereza wameandika Seven alafu wakataja kwa sentensi ya kwanza kwamba kuna hiyo ya namba. IMDb wanafuata kilichoandikwa kwa skrini muvi ilipotoka mara ya kwanza, Wikipedia nao wanaangalia waandishi wengi wanaiitaje na hawapendi namba ikalie kiti cha herufi. Ukienda Wikipedia na sheria ya IMDb utafutwa kabla chai ipoe.

Sasa ushahidi. Bango si ushahidi, bango ni la kuuza. Ile Fantastic Four ya 2015 ilitangazwa kama Fant4stic na hiyo haifanyi ikuwe jina lake. Kava ya DVD nayo ndio mbaya zaidi, Edge of Tomorrow ya 2014 ilipofika kwa DVD waliweka Live Die Repeat kwa maandishi makubwa na jina lenyewe likabaki dogo, so usishangae kastoma akikuapia hiyo ndio jina. Fungua muvi, simamisha pale jina linatokea, piga skrinshoti. Na hakikisha kopi ni ya kwanza kwanza, juu Star Wars ya 1977 ilianza bila hayo maneno ya Episode IV, yaliongezwa 1981. Kopi ya DJ Afro, yule msee husimulia muvi kwa sauti yake, ni tamu lakini usiipeleke kama ushahidi, omera.

Kitu inasumbua wengi ni herufi kubwa. Mtu anaona jina lote liko kwa herufi kubwa kwenye skrini anakimbia kuandika hivyo, na muvi nyingi tu ziko hivyo, hiyo ni fonti! Mimi naangalia kama kuna herufi, namba ama alama imebadilishwa, rangi na ukubwa naachana nazo. Alama pia ni vita yake, IMDb wako na WALL·E yenye nukta katikati, Wikipedia wako na WALL-E ya kistari, na mtu wa Nyalenda ataandika tu walle kwa simu. Kwa hivyo jina lililoshindwa usilitupe, liweke kwa majina mbadala ndio watu waipate wakitafuta. Na kama kosa liko Letterboxd, ile tovuti watu huandika muvi wameona, usihangaike nao, data yao inatoka TMDB, databesi ingine ya muvi, nenda urekebishe huko.

Za kwetu: Rafiki ya 2018 ni Rafiki, usiitafsiri. Nairobi Half Life ya 2012 nayo usijaribu kuiwekea jina la Kiswahili ati juu watu wanaongea Kiswahili na Sheng ndani, lugha ya muvi na lugha ya jina ni vitu mbili.

Mtu akirudisha venye ilikuwa, andika kwa ukurasa wa majadiliano, weka skrinshoti, ngoja. Wikipedia ukirudisha zaidi ya mara 3 ndani ya saa 24 unaweza blokiwa hata kama uko sawa.

Kwa faili zako za duka usitegemee jina pekee, weka mwaka na ile namba ya IMDb, kama Seven 1995 tt0114369. Jina linaweza badilishwa kesho, hiyo namba inabaki. Na kama jina la faili liko na nukta mbili (:) weka kistari badala yake, juu Windows itakataa.