Kabla ya kufuata vitu vya kale Kisumu na Kisii

Ukitoka Nakuru alfajiri ukapita Mau Summit, ukifika Kericho njia inagawanyika: moja inateremka Ahero hadi Kisumu, nyingine inapitia Sotik kwenda Kisii. Amua mapema utafuata ipi, maana vitu vya huku si vya kule. Anayetaka vinyago vya mawe ya sabuni aelekee Tabaka, kule Kisii, ambako mawe yenyewe huchimbwa na kuchongwa. Anayetafuta vyungu, vigoda na ala za muziki za Waluo, njia yake ni ya Kisumu.

Mimi huanzia makumbusho kabla ya duka lolote. Makumbusho ya Kisumu yalifunguliwa mwaka 1980, na ndani yake mna boma la Kiluo lenye nyumba na vifaa vyake. Zunguka polepole. Tazama kigoda kilivyong'aa pale pa kukalia na miguu ilivyolika bila kulingana. Hesabu nyuzi za nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo: ni nane. Ukitoka hapo, ukaonyeshwa dukani "nyatiti ya babu" yenye nyuzi tano na ngozi inayonuka rangi mbichi, utajua kwamba hilo ni pambo la ukutani. Si vibaya kulinunua, mradi ulipe bei ya pambo.

Kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha ya Wakalenjin, nacho kinajieleza. Kilichotumika kweli kina harufu ya maziwa na ya mkaa uliosuguliwa ndani, na hiyo haiigiziki kirahisi. Kwa vya mbao, kigeuze ukitazame chini. Vitundu vinavyomwaga unga ni dalili kwamba wadudu wamo bado, nao watahamia kwenye kabati lako.

Swali ambalo wengi huliona aibu kuliuliza ndilo kubwa kuliko yote: kitu hiki kimetoka wapi? Uliza kwa heshima. "Mzee, hiki kilikuwa cha nani, na kilifikaje hapa?" Muuzaji mwaminifu atakusimulia. Akikwepa, rudisha mkono mfukoni. Vigango vya Wamijikenda, vilivyosimikwa kuwakumbuka wazee waliofariki, viliibwa Pwani vikauzwa hadi kwenye makumbusho ya Marekani, na kuvirudisha vichache tu kumechukua miaka mingi. Kuna familia iliyoamka ikakuta kumbukumbu ya baba yao imeng'olewa. Sitaki kigoda changu kiwe na kisa kama hicho.

Sheria nayo ipo. Chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa nchini kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Likumbuke hilo ukimnunulia shangazi aliye ughaibuni. Pembe za ndovu, na ngozi za wanyamapori kama chui au mbega, usiziguse hata ukiambiwa ni za zamani sana.

Pesa: uwe na salio kwenye M-Pesa, lakini beba na noti ndogo, kwa sababu mtandao hupotea vijijini. Tabaka ukinunua kwa fundi mwenyewe pale anapopiga msasa, pesa inamfikia yote. Punguziwa kidogo, lakini kumbuka kuna aliyechimba, aliyechonga, na mara nyingi mama aliyekaa na beseni la maji akilainisha jiwe. Muulize fundi kama anakubali jina lake liandikwe kwenye karatasi ndogo ya kubandika chini ya kazi yake.

Usiondoke nyumbani bila futi ya kupimia, blanketi kuukuu mbili, magazeti na trei tupu za mayai kwa vinyago vidogo. Jiwe la sabuni ni laini, ukucha unalikwaruza, na likigongana na jingine linamegeka. Funga kila kimoja peke yake. Vizito vikae sakafuni mwa gari nyuma ya viti vya mbele, na kibuyu apakate mtu.